Muhuri wa Kata Isiyokuwepo

Baba alituachia bahasha ya kaki yenye karatasi saba. Mojawapo ilikuwa ya mauziano ya shamba, imeandikwa kwa mkono mwaka 1986, imepigwa muhuri wa duara wa wino wa zambarau: Katibu Kata, Kata ya Hombolo, Dodoma. Tulipoanza mirathi, nikapeleka karatasi hiyo katika ofisi moja ya mjini ambayo siitaji. Kijana wa mapokezi akaisoma, akabonyeza kompyuta yake, akanirudishia.

"Mzee, kata hii haipo."

Nikamwambia mimi nimekulia huko. Akasema, "Kwenye mfumo haipo."

Niliondoka nimenuna, lakini kijana alikuwa na haki yake. Sensa ya 2012 iliihesabu Hombolo kama kata moja. Ukifungua matokeo ya sensa ya 2022 utakuta Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu, na Hombolo peke yake huioni. Ilinichukua miezi minne kuunganisha muhuri wa baba na ramani ya leo. Nimeona niandike nilivyopita, maana Dodoma hii watu wenye karatasi za kata zilizogawanywa ni wengi, na najua wapo wanaozitafuta hizo habari si kwa ajili ya shamba bali kwa kuwa wanataka kuandika habari za kwao.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuata jina. Baba maisha yake yote alikuwa akisema "shamba la kule bwawani". Basi nikajua ni Hombolo Bwawani, hakuna haja ya kuuliza. Nikashuka Ihumwa, nikachukua bodaboda hadi ofisi ya huko, nikapokewa vizuri, nikaambiwa shamba hilo halipo kwenye mitaa yao. Nikarudi mjini. Wiki mbili baadaye nikaenda tena na maelezo mengine, jibu likawa lile lile. Shamba lilikuwa upande wa Makulu.

Kumbe bwawa lenyewe ni la mwaka 1957, limezuia maji ya mto Kinyasungwe Ndogo, na kwa kizazi cha baba kila kitu cha upande ule wa nchi kilikuwa "bwawani", uwe unaona maji au huyaoni. Kata ilipogawanywa, nusu moja ikachukua jina la bwawa na nyingine ikachukua Makulu, ambalo kwa Kigogo lina maana ya ukubwa, kama lilivyo Dodoma Makulu. Majina hayo yanaeleweka leo, ila hayakuwa mipaka ya mwaka 1986. Kwa hiyo kabla hujapanda gari, andika vitu visivyohama: shule ya msingi iliyo karibu, kanisa au msikiti, kisima, korongo, barabara inayopita. Ukifika ofisini uliza, "Shule hii iko kata gani sasa?" Swali hilo linajibiwa kwa dakika moja. Ukiuliza "Kata ya Hombolo ilikwenda wapi?" utapewa kiti usubiri.

Kosa la pili liliniaibisha zaidi. Nilimtembelea mzee mmoja, rika la baba, nikiwa na daftari na kalamu kama mwandishi wa habari. Baada ya mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, na kuulizana habari za nyumbani, nikamtupia swali: "Baba, diwani wa hapa mwaka 1976 alikuwa nani?" Mzee akacheka hadi akakohoa. "Diwani? Mwanangu, madiwani walikuwa wapi mwaka huo?"

Nilikwenda kusoma ndipo nikaelewa kicheko chake. Kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na za miji zikafuata. Miji ilirudishiwa halmashauri kwa sheria ya mwaka 1978. Kwa wilaya ilibidi zije sheria za 1982, Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena 1984. Katikati hapo kata zilikuwepo, zina Katibu Kata na muhuri, lakini hazikuwa na mtu aliyechaguliwa kwenda kuziwakilisha katika baraza. Ukitafuta orodha ya madiwani wa kata yako na ukakuta pengo la miaka kumi na kitu, usifikiri karatasi zimeliwa na mchwa. Pengo lenyewe ndiyo historia.

Na ukirudi nyuma zaidi, kata nayo inayeyuka mikononi mwako. Utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwaka 1963; kabla ya hapo mtu angekuambia yuko chini ya mtemi gani. Kisha ikaja Operesheni Dodoma, 1970 hadi 1971, watu wa Ugogo wakakusanywa vijijini. Hili lina uzito mkubwa kwa mtu anayefuatilia ardhi. Mzee akikuambia "nyumba ya babu yako ilikuwa pale", anaweza kuwa anaonyesha mahame, mahali pa kabla ya operesheni, wakati shamba linalotajwa kwenye karatasi ni la baada ya watu kuhamia kijijini. Muulize kila mara: kabla ya operesheni au baada? Wazee wetu tarehe hawazishiki, matukio wanayashika. Nilisikia njaa ya Mtunya, ile ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, ikitajwa na watu waliosimuliwa na mama zao, na kwa ya karibuni kila mtu ana mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mpe mzee tukio, mwaka utautafuta mwenyewe.

Jambo jingine, wahoji wazee wawili, mmoja kila upande wa mpaka mpya, na usiwakalishe pamoja. Nilijaribu kuwakalisha pamoja. Niliambulia ugali wa uwele na mlenda, na ubishi juu ya kisima.

Sasa karatasi zenyewe ziko wapi? Kata haigawanywi na mtu mmoja kwa kalamu moja. Pendekezo huanzia kwenye mikutano ya wananchi, likaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, likapanda Baraza la Madiwani, likapita kamati ya ushauri ya wilaya na ile ya mkoa, ndipo likafika Tamisemi. Kila ngazi ina muhtasari wake. Mwisho hutoka Tangazo la Serikali katika Gazeti la Serikali, lile linalochapishwa kila Ijumaa. Watu wengi hukimbilia tangazo kwa sababu lina namba na linaonekana zito. Kweli unalihitaji ukienda mahakamani. Lakini tangazo ni kavu, ni orodha. Kwa nini mstari ulipita huku na si kule, mtaa gani ulikataa kwenda upande gani, hayo yamo kwenye mihtasari ya chini, na ya chini kabisa ndiyo mitamu. Andika barua rasmi ya kuomba kuiona, taja ajenda unayoitafuta, na uwe na subira.

Kama hujui kata yako iligawanywa lini, tumia sensa. Tumekuwa nazo 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Weka orodha za kata kando kwa kando uone jina linapotea kati ya sensa zipi. Kisha kagua majina ya kata katika chaguzi za madiwani zilizo katikati, utabakiwa na miaka mitatu minne tu ya kupekua. Ukiwa kwenye sensa utapata na sababu ya kata kugawanywa bila kuuliza mtu: Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, na Jiji lilihesabiwa 765,179 mwaka 2022. Kata sasa ni 41.

Karatasi za zamani sana zimo katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako kwa Sheria Na. 3 ya 2002 nyaraka za umma hufunguliwa zikitimiza miaka thelathini. Huko kuna na vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza. Mimi sikuhitaji kufika huko, shamba la 1986 halikudai hivyo.

Kwa Dodoma kuna utata mmoja ambao mikoa mingine hawana. Kuanzia 1973 tulikuwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, hadi ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Kwa hiyo jirani yako mwenye kiwanja kilichopimwa atakuelekeza kwenye mafaili ya CDA, yasiyokuhusu wewe mwenye shamba la mizabibu lisilopimwa. Wilaya ya Dodoma Mjini ina kilomita za mraba 2,769. "Mjini" humo kuna watu wanaochunga ng'ombe siku nzima bila kuona lami. Ukiambiwa karatasi za mjini ziko sehemu fulani, uliza kwanza mjini ipi.

Tahadhari pia na tahajia. Kata ya Ng'hong'honha nimeiona imeandikwa kwa namna tatu ndani ya faili moja. Tafuta kila namna, na jina la mzazi wako vivyo hivyo.

Kilichomaliza kazi yangu hatimaye kilikuwa barua ya aya mbili. Mtendaji wa kata mpya aliandika kwamba shamba linalotajwa kwenye hati ya 1986, lililo karibu na shule fulani, lipo katika mtaa fulani, ambao zamani ulikuwa ndani ya Kata ya Hombolo na sasa umo Hombolo Makulu. Mwenyekiti wa mtaa akasaini, majirani wawili wa mpakani wakasaini. Niliambatisha nakala ya mauziano na muhtasari wa kikao cha ukoo, nikaupeleka mzigo wote mahakama ya mwanzo. Hakuna aliyeniuliza tena habari za mfumo. Kumbuka kugawanywa kwa kata hakugusi umiliki. Mpaka wa kata ni wa utawala, wa shamba ni wako na jirani yako. Yeyote anayekuambia uanze upya kununua kwa kuwa kata imebadilika, muage kwa heshima.

Ningeanza na barua hiyo, ningeokoa nauli nyingi. Ila nisingecheka na yule mzee.

Jambo la mwisho, na hili lifanye kabla ya mengine yote. Wino wa mihuri ya zamani unafifia. Wa baba nilipoutoa kwenye bahasha ulisomeka vizuri, na baada ya kupita mikononi mwa watu kumi na mmoja neno "Katibu" limeanza kupotea. Toa karatasi nje mchana, kivulini, piga picha pande zote mbili bila mwanga wa simu, na asili yake ibaki nyumbani. Ofisini nenda na nakala, asili uipeleke pale tu wanapotaka kuilinganisha, na usiondoke bila kuirudisha mfukoni.