Mita 60 za ufukwe: asiye na kiwanja anaweza kumshtaki anayejaza kifusi ziwani?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama wakazi wasio na hati wanaweza kumpeleka mahakamani mtu anayejaza kifusi kwenye mafunjo ya ufukweni, kwa kuwa mwenyekiti wenu wa mtaa amewaambia kwamba asiye na ardhi pale hana kesi. Mwenyekiti amekosea. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kuidai haki hiyo mahakamani, iwe kwa kuzuia kitendo, kukisimamisha au kutaka eneo lirejeshwe katika hali yake. Hata mwenye hati halali anabanwa na kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Ugumu uko kwenye kuzihesabu hizo mita 60, na hapo ndipo sisi wa upande wa Igombe, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, tulipojikwaa. Tulipima wenyewe wakati wa kiangazi, kwa kamba ya katani yenye fundo kila mita kumi, kuanzia pale maji yalipoishia siku ile, na fundo la sita likaishia hatua mbili kabla ya msingi wa nyumba ya bwana aliyekuwa akijaza kifusi kwetu. Yule bwana alitucheka waziwazi. Hatukuwa tumetambua kwamba malori yake yalikuwa yamekwisha kuusogeza ukingo wenyewe: tulikuwa tumeanza kupima juu ya kifusi chake. Aliyetuamsha ni mama mmoja muuza dagaa, aliyetuonyesha jiwe bapa la kufulia alilolitumia tangu akiwa msichana, ambalo sasa lilikuwa nchi kavu, limezikwa nusu, hatua kama ishirini kutoka majini. Tulipopima upya kutoka kwenye jiwe lile, msingi wote ukawa ndani ya mita 60. Kisha Mei 2020 ziwa likajaa hadi kipimo cha kina chake kilichopo Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964, na maji yakalirudia jiwe bila kuitwa na mtu.

Kwa hiyo tafuteni alama za zamani kabla hamjamtafuta wakili: mawe, miti, picha za harusi zilizopigwa ufukweni, wazee wanaokumbuka sato walikuwa wakitagia wapi. Itisheni mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe na kusainiwa, kisha mpeleke malalamiko NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo lina mamlaka ya kutoa amri ya kurejesha mazingira. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sisi barua yetu ya kwanza ilipotea katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na kwa kuwa nakala haikuwa na muhuri, tulianza upya baada ya miezi minne, malori yakiendelea kumwaga.

Mkitaka kuishtaki halmashauri kwa kutoa kibali, fahamuni kwamba tangu mwaka 2020 nayo lazima ipewe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Siku 90 zinatosha kuumaliza mfunjo wote, ndiyo maana wakili wetu aliomba zuio la muda wakati notisi inahesabika, yale maombi ambayo wenyewe huyaita Mareva. Pia msikimbilie kesi ya kikatiba kwa sababu tu inasikika kubwa: marekebisho ya sheria ya kesi hizo, ya mwaka huohuo wa 2020, yanamtaka mlalamikaji aape jinsi yeye binafsi alivyoathirika, na sharti hilo ndilo hasa mwenyekiti wenu anatamani mkwame nalo.

Kwetu ujazaji ulisimama. Kifusi cha awali bado kipo, matete yameanza kuota pembeni mwake, na mama yule amerudi kufulia kwenye jiwe lake, ingawa anasema vifaranga vya sato bado hajawaona.