Siku ya meli Jozani: kwa mnaoanza kutembeza wageni

Vijana mnaoanza kutembeza wageni, siku moja mtaitwa bandarini Malindi, hapa mjini Zanzibar, alfajiri, meli kubwa imeshaingia, mpewe Coaster ya wageni ishirini muambiwe pelekeni msitu wa Jozani na kwenye mikoko yake, mrudi kabla ya saa nane. Mie siku kama hizo nimeshazipitia nyingi na kuna mambo nilitamani mtu aniambie mapema.

Kabla hujauliza wageni wangapi wala dereva nani, uliza leo mwezi ngapi. Sisemi Januari Februari, nasema mwezi wa kuandama. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani zile tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17 hivi, ni bamvua, na hapa kwetu bamvua maji yanakupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, yanajaa saa kumi jioni, na toka kukupwa mpaka kujaa yanapanda zaidi ya mita 3. Tarehe 8, 9 na 22, 23 ni maji mafu, hapo inageuka, saa nne asubuhi ndo yamejaa ingawa hayajai sana. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Wavuvi hawana haja ya simu kwa hili, na ukikaa nao siku mbili tatu na wewe utalishika.

Kwanini nasisitiza, kwa sababu ile njia ya mbao inayopita juu ya mikoko pale Pete, jirani na Jozani, ni sehemu mbili tofauti kutegemea maji. Yakikupwa unaona tope, mizizi yote iko wazi, vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa vinapunga, na yule samaki anayerukaruka juu ya tope kama chura. Yakijaa hayo yote hayapo, unaona msitu umesimama ndani ya bahari na samaki wadogo wanapita kati ya mizizi. Msimu wangu wa kwanza niliwaahidi wageni kaa njia nzima toka mjini, tumefika maji yapo chini ya mbao kabisa, bibi mmoja akainama juu ya ukingo anatafuta, anatafuta, mpaka tunaondoka hajaona hata mmoja. Aliniuma sana yule bibi, alikuwa na siku moja tu Zanzibar. Toka siku hiyo siahidi kitu kabla sijajua maji.

Kingine ni mgao wa muda. Wengi wanamaliza saa nzima kwa kima punju, halafu mikoko wanaipa dakika kumi, mbio mbio, picha, garini. Kima ni haki yao kuwaona, asili yake ni kisiwa hiki cha Unguja tu, na asubuhi hawako mbali na geti, nusu saa inatosha (wasiguswe wala wasipewe chakula, hapo usimuonee mgeni haya). Lakini hifadhi yenyewe toka 2004 inaitwa Jozani na Ghuba ya Chwaka, yaani bahari na mikoko ni nusu ya jina lake, sasa wewe unaipitaje kama kituo cha choo?

Pale kwenye mbao simama, usitembee. Chukua jani la mchu, mmoja wa miti ya mikokoni, geuza, mwambie mgeni aliguse kwa ulimi. Chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari na chumvi unaitoa kwenye majani. Halafu waoneshe mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, angalia juu utaona vitu virefu vya kijani vinaning'inia, sio matunda ya kula, ni watoto, mbegu imeshaota ikiwa bado kwa mama yake, ikidondoka maji yakiwa yametoka inaweza kuchoma kwenye tope palepale, ikidondoka yamejaa inaelea inakwenda kuanza maisha kwengine. Hapo nyamaza kidogo waangalie wenyewe. Na mwenyeji wa hifadhi anayetembea na nyie muachie azungumze, yeye kazaliwa pale, kayaona mengi ambayo mie na wewe hatujayaona.

Muda wa kurudi hesabu kinyumenyume. Mjini mpaka Jozani ni kama kilomita 35, weka saa nzima kurudi sio dakika arobaini, maana ukifika Mwanakwerekwe hujui utakuta nini. Na uliza saa ya meli, kuna meli hazibadilishi saa zao zikifika kwetu, wageni wanakwambia saa saba kumbe kwetu ni saa nane au saa sita, na wewe kichwani una saa zetu za Kiswahili, ukichanganya hapo umewaacha watu. Mie naandika kwenye karatasi naibandika mbele ya dereva. Wazee ndo wengi kwenye meli, kwahiyo maji ya kunywa, kofia, dawa ya mbu, na mkono wako pale mbao zinapokuwa na utelezi.

Mkirudi mjini na dakika kumi za ziada, msikimbilie maduka. Waingize kwenye nyumba yoyote ya zamani Mji Mkongwe, mbele ya mlango unapiga hodi, waambie watazame dari. Zile boriti ni mikoko. Vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu mti wa boriti haukuwa mrefu zaidi ya hapo, na majahazi yalibeba boriti hizohizo toka pwani yetu mpaka Uarabuni ambako miti ni shida. Mzee mmoja mwaka jana alisimama pale kanyanyua kichwa, akaniuliza, "huu ndio ule wenye watoto?" Nikamwambia ndio baba, huu huu.