Jiwe lile lile, dhahabu haionekani

Unashangaa mgodi wa mkoloni pale Geita ulichimba toka miaka ya 1930 hadi 1966, na ninyi mnaosha mawe ya ukanda huo huo mnaambulia vumbi. Jiwe la juu ni jekundu, limeoza, dhahabu yake iko huru: karasha (mashine ya kusaga mawe) na mwalo (mteremko wa kuoshea unga wa mawe kwa maji) vinatosha. Mkishuka chini ya usawa wa maji mnakuta salfaidi, madini yenye salfa, ile inayong'aa manjano na kuwadanganya wageni. Dhahabu imefungwa humo, zebaki haiifikii. Migodi mikubwa ya enzi zile ilitumia sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, njia inayojulikana tangu 1887. Ninyi sageni laini zaidi: sugua unga wa jiwe kidoleni. Unga ukikwaruza kidole, urudishe kwenye karasha. Maji ya mwaloni nayo punguzeni, yakikimbia yanabeba dhahabu laini. Marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha, msiyauze kwa bei ya kutupa: dhahabu iliyofungwa bado imo.