Je, Richard wa Tatu aliwaua watoto wa kaka yake? Majibu kwa wasomaji

Safu ya mwezi uliopita juu ya Richard wa Tatu, aliyetawala Uingereza kuanzia 1483 hadi 1485, imezua mjadala. Nimeokota maswali machache.

Shikamoo mwalimu. Kwa kifupi, anatuhumiwa nini?

Marahaba. Mfalme Edward wa Nne, kaka yake Richard, alifariki Aprili 1483 akaacha wana wawili: Edward, miaka 12, na Richard, miaka 9. Baba yao mdogo, yaani huyu Richard tunayemjadili, ndiye aliyepewa dhamana ya kulinda ufalme mpaka mrithi akue. Badala yake, Juni ilitangazwa kwamba ndoa ya wazazi wao ilikuwa batili, eti marehemu alishamwahidi mwanamke mwingine ndoa, na Julai 6 baba mdogo akavikwa taji. Watoto walikuwa Mnara wa London, ngome ya kifalme. Baada ya miezi michache hakuna aliyewaona tena.

Kuna shahidi aliyeona wakiuawa?

Hayupo. Mwitalia Dominic Mancini, aliyeondoka London Julai hiyo, aliandika kwamba watoto walizidi kuonekana kwa nadra nyuma ya nondo za madirisha, hadi wakatoweka kabisa. Aliona watu wazima wakilia Edward mdogo akitajwa, lakini alikiri hajui kama ameuawa. Kisa cha kuzibwa pumzi kwa matandiko na mito ni cha Thomas More, ambaye 1483 alikuwa mtoto mdogo, na baadaye alilelewa katika nyumba ya John Morton, hasimu wa Richard. Kwa hiyo kisome, ila usikiapie.

Mbona hamumshuku Henry Tudor, aliyekuwa mfalme baada ya Richard? Ndiye aliyefaidika!

Alifaidika, sikatai: alimshinda Richard katika vita vya Bosworth mwaka 1485, akamwoa dada wa watoto hao. Lakini 1483 alikuwa mkimbizi Brittany, ng'ambo ya bahari, Ufaransa ya leo. Ili awe yeye, inabidi watoto wawe walifichwa hai miaka miwili, na hapo ndipo utetezi wa Richard unapokwama kwangu. Mwaka huohuo wa 1483 uvumi wa vifo vyao ulienea, na maasi yakazuka. Richard angewatoa nje mchana mmoja tu, uvumi ungekufa. Hakufanya hivyo. Linganisha na Henry: mwaka 1487 waasi walipomleta kijana wakidai ni Earl wa Warwick, mtoto wa kaka mwingine wa Richard, Henry alimtoa Warwick halisi kutoka Mnarani na kumwonyesha watu wa London. Anayeshikilia mtu hai ana jibu la namna hiyo. Mlezi aliyepokea watoto wawili mbele ya watu anadaiwa maelezo, hata kama hakumgusa yeyote kwa mkono wake. Wapo wanaomtaja Duke wa Buckingham, mshirika wa Richard aliyemgeuka na kukatwa kichwa Novemba 1483. Inawezekana, lakini swali la mlezi linabaki palepale.

Mama yao alitoka mafichoni 1484 na kumkabidhi Richard binti zake. Mama gani huenda kwa muuaji?

Swali zuri, na watetezi hulipenda. Ila kumbuka, Elizabeth Woodville alijua fika kwamba Richard ndiye aliyeamuru kuuawa kwa kaka yake Anthony na mwanawe wa ndoa ya kwanza, Richard Grey, Juni 1483. Hilo halikuwa siri, na bado alitoka. Tena kwanza alimtaka mfalme aape hadharani kwamba mabinti hawatadhurika wala kufungwa Mnarani. Kiapo cha aina hiyo huombwa na mtu asiye na imani, aliyechoka kujificha Westminster.

Si wapime DNA ya ile mifupa tu?

Mifupa inayodhaniwa kuwa ya watoto hao, iliyofukuliwa chini ya ngazi Mnarani mwaka 1674, imo katika kanisa la Westminster Abbey. Ilichunguzwa 1933, kabla ya DNA kujulikana kwa kazi hiyo, na ruhusa ya kuifungua tena haijatolewa.

Kweli Richard alikuwa na kibiongo?

Hapana. Mifupa yake, iliyopatikana 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, inaonyesha uti wa mgongo uliopinda kando. Bega moja lilipanda kuliko jingine. Nguo nzuri zingeficha.