Jibu: SM7B kwa kurekodia chumbani

Ndugu yangu, umeuliza kama maiki ya Shure SM7B itakufaa kurekodia chumbani hapo Kisauni, feni inazunguka na honi za tuktuk hazikomi. Itakufaa kuliko maiki ya kondensa, ile nyepesi kunasa hata sauti ndogo za chumbani. Ni maiki ya dainamiki, hunasa zaidi kilicho mbele yake, na cha nyuma hukipunguza sana. Ila feni igeuze upande mwingine, maiki si mganga.

Tatizo lake ni kwamba sauti hutoka ndogo mno. Yataka intafesi (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta) ya kuipandisha kama desibeli 60, na nyingi za bei nafuu ukizifikisha hapo huanza kutoa shhhh. Kabla hujalipa, beba intafesi yako uijaribu palepale dukani. Umeme wa volti 48, ule ambao intafesi huzipelekea maiki za kondensa, haiuhitaji.

Ongea karibu, vidole viwili vitatu kutoka kwenye sponji. Ukisogea mbali besi hupotea, na mwangwi wa kuta tupu huingia wote. Nyuma kuna swichi mbili: moja hukata besi, nyingine huinua sauti za kati ili maneno yasikike wazi. Hiyo ya pili ningeiwasha kwa taarifa ya habari. Kwa kaswida ningeiacha.