Shangazi, kuokoka ndiyo kukata undugu?

"Shangazi, niliokoka mwaka jana. Baba alikasirika, kaka akasema mimi si wao tena. Kiongozi wa ushirika wetu hunisomea Mathayo 10, 'sikuja kuleta amani, bali upanga', na Luka 14:26 kuhusu kumchukia baba na mama. Basi sipokei simu za mama, na pesa niliyokuwa namtumia naitoa sadaka. Lakini Malaki 4:6 inasema mioyo ya baba itageuzwa iwaelekee watoto. Biblia inajipinga? Njia Panda."

Mwanangu Njia Panda,

Sura hiyo ya 10 isome tangu juu, usidandie mstari wa 34. Yesu anawatuma wale 12 huku akiwatahadharisha: watapelekwa mabarazani, ndugu atamsaliti ndugu yake. Habari ya adui wa nyumbani ameitoa kwa Mika, sura ya 7, na Mika pale analia juu ya taifa lililooza. Yesu hamwagizi mtu agombane na mamaye. Anayeangukiwa na upanga ni mwanafunzi. Petro alipouchomoa wa kweli, aliambiwa aurudishe.

Luka 14:26 ni kali, sikufichi. Ila Mathayo, kwenye maneno yanayofanana nayo (10:37), anazungumzia kumpenda baba au mama kuliko Yesu. Suala ni nani atangulie, basi.

Kilichonishtua mimi ni ile pesa. Fungua Marko 7 kuanzia mstari wa 9. Walikuwapo watu waliowaambia wazazi wao: ambacho ningekusaidia nacho ni korbani, nimemtolea Mungu. Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Muulize kiongozi wako anaisomaje sura hiyo, na umtazame usoni akijibu.

Hata kwao Yesu hakukuwa shwari. Jamaa zake walitoka kwenda kumkamata, wakisema amerukwa na akili (Marko 3:21). Nduguze hawakumwamini (Yohana 7:5). Lakini ukifika Matendo 1:14, mama yake na ndugu zake wamo orofani, wanaomba pamoja na mitume. Familia ni ile ile, na ilipitia yote mawili: upanga wa Mathayo, na mioyo kugeuzwa kama kwa Malaki.

Paulo naye, kwa wanandoa wasio wa imani moja (1 Wakorintho 7), anasema asiyeamini akiondoka, na aondoke. Aliyeamini asiwe wa kuanza. Ichukue hiyo. Baba akikufungia mlango, ni juu yake.

Mama akipiga, pokea. Muulize hali yake, mwache amalize hasira, na usimnukulie mstari hata mmoja. Pesa yake irudi mwezi huu huu. Kaka mwandikie ujumbe mfupi tu kwamba bado ni kaka yako. Likitokea jambo la kifamilia lenye ibada usiyoweza kushiriki, sema mapema, kisha nenda ukasaidie kazi nyingine. Ila kama yupo anayekupiga, salamu zitoshe kwa simu.