Maswali yenu kuhusu minara ya kutazamia mandhari

Safari hii nimekusanya maswali yanayohusu minara inayosimamishwa msituni, kando ya ziwa au kilimani ili mtu apande aone mbali. Wengi mmeanza na umbo lake. Mimi nawasihi muanze na macho ya mpandaji, maana mnara huu ni wa kutazamia, si wa kutazamwa.

Kamati yetu inataka mnara wa mita 40 katikati ya msitu. Je, urefu huo unatosha?

Huenda umezidi. Watu hudhani ukirefusha mnara mara nne utaona mbali mara nne. Dunia ni mviringo, kwa hiyo macho yakiwa mita 10 juu ya tambarare, upeo uko takriban kilomita 11. Yakifika mita 40, ni kilomita 22 na ushei. Mmejenga mara nne, mmepata mara mbili, na huko mwisho mara nyingi ni utusitusi tu. Upepo nao huongezeka kadiri mnavyopanda, na kasi yake ikiwa maradufu, msukumo wake huwa mara nne. Msingi, nguzo na bolti, vyote vinanenepa.

Kinachoamua ni vilele vya miti. Chini yake unaona majani. Mita mbili tatu juu yake, msitu mzima unafunguka. Kabla ya kuchora chochote, rusheni droni yenye kamera pale pale mnapotaka kujenga. Isimame mita 8, kisha 12, 16, 20, na ipige picha pande zote kila inaposimama. Zitandazeni mezani kwa mfuatano. Aghalabu kuna moja ambayo kila mtu anairudia: mto umechomoza nyuma ya kilima, au bonde limeonekana hadi chini. Jukwaa liwe hapo, pamoja na akiba ya urefu kidogo, kwa sababu miti bado inakua.

Nilipanda mnara nikahisi unayumba. Ni hatari?

Kuyumba kidogo ni kawaida kwa kitu kirefu na chembamba. Ukisikia vyuma vinagongana au ukiona bolti zimelegea, shuka utoe taarifa.

Jambo linalomnyima mhandisi usingizi ni nyayo zetu. Mtu akitembea hupiga karibu hatua mbili kwa sekunde. Mwendo wa asili wa mnara, yaani mara unazoyumba wenyewe kwa sekunde, ukilingana na hatua hizo, kila hatua inaongeza kuyumba, kama mtoto anayesukumwa kwenye pembea kwa wakati wake. Dawa ni kuukaza mnara ili mwendo wake uwe mbali na ule wa watu, na umbo husaidia sana. Mwaka 1896, mhandisi Vladimir Shukhov alionyesha huko Nizhny Novgorod, Urusi, mnara wa maji uliofumwa kwa vyuma vilivyonyooka, vikilala mshazari na kupishana hadi mnara ukapata kiuno. Umbo la jamii hiyo linaonekana kwenye mnara wa msituni wa Denmark, Skovtårnet, wenye mita 45, uliofunguliwa mwaka 2019.

Jukwaa pia lipigiwe hesabu ya watu waliosongamana, kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Jua linapozama, wote watahamia upande mmoja.

Mbao au chuma?

Vyote vinafaa. Mnara wa Sauvabelin huko Lausanne, Uswisi, ni wa mbao; una mita 35 na umesimama tangu 2003. Ngazi zake ni mbili zilizosokotana, anayepanda hagongani na anayeshuka. Wazo hilo nalipenda mno.

Mbao hufa kwa maji yaliyokosa pa kutokea, siyo kwa mvua yenyewe. Chuchumaa pale nguzo ya zamani inapokaa kwenye kikombe cha chuma. Ubavuni nguzo imekuwa ya kijivu, ngumu kama mfupa. Sasa ingiza ncha ya kisu kwenye kitako chake, pale nyuzi zilipokatwa: kama kikombe hakina tundu la kutolea maji, kisu kinazama kama kwenye sifongo. Basi toboeni hilo tundu, inueni kitako juu ya zege, kateni vichwa vya nguzo mshazari na kuvifunika kwa bati, na mtumie kiini cha mti badala ya sehemu laini ya nje. Kwa chuma, dai kiwe kimechovywa kwenye zinki. Kile kinachoachwa kijijengee ngozi ya kutu ni kizuri machoni, lakini msikipeleke ufukweni; chumvi haiiachi ngozi hiyo itulie.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Je, tumwache chini?

Hapana, ila fanyeni hesabu mapema. Mteremko wa kupanda unahitaji mita 12 za njia kwa kila mita moja ya kwenda juu, na sehemu tambarare ya kupumzikia kila baada ya mita 9 hivi. Jukwaa la mita 12 linataka njia ya mita 144 bila kuhesabu mapumziko. Kama kuna kilima, anzeni upande wa juu kwa daraja fupi. Ardhi itakuwa imewapandisha nusu ya safari.

Angalieni pia njia ya kuufikia mnara. Kilele cha Kuwohi, katika milima ya Great Smoky nchini Marekani, ina mnara wa mwaka 1959 unaopandwa kwa mteremko bila ngazi, lakini njia ya lami ya kama mita 800 kuufikia ni kali mno kwa kiti cha magurudumu.

Halafu ketini kwenye kiti mbele ya ukingo. Nimewahi kufanya hivyo juani, juu ya jukwaa zuri kabisa, nikaona ubao tu. Ukingo uwe na urefu wa mita 1.1, wenye fito wima zisizoachana hata sentimita 10, ili anayeketi aone na kichwa cha mtoto kisipenye.

Tuupake kijani upotee msituni?

Kijani cha kopo hakifanani na jani lolote. Msanifu majengo Mary Colter, alipojenga mnara wa Desert View ukingoni mwa korongo la Grand Canyon, Marekani, mwaka 1932, aliuvika mawe ya rangi ya korongo lenyewe na kuficha fremu ya chuma ndani.

Radi je?

Kinga ya radi ni lazima, na wingu likianza kunguruma watu washuke.

Tuweke taa usiku?

Msiweke. Mwanga huwapoteza ndege wanaohama usiku na kuwavuta wadudu. Na aliyepanda kutazama nyota anahitaji kama nusu saa macho yazoee giza. Taa moja inamrudisha mwanzo.